Naambiwa Nikaombe Msamaha kwa Aliyeniumiza, Ili Shingo Yangu Ipone

Bwana akubariki, admin. Naomba jina langu lisionekane, maana ndugu zangu wengi wamo humu, na mume wangu naye huwa anaupitia ukurasa huu akiwa kijiweni.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, naishi Mbugani hapa Kyela, nauza mchele. Nina mume mwema na watoto, na kanisani wananijua. Shule niliishia la saba, mtanivumilia.

Shida yangu ni shingo. Maumivu yanaanzia mabegani yanapanda mpaka kisogoni, na ikishakaza siwezi kugeuka. Nikiitwa nageuka mwili mzima. Wenzangu sokoni wananitania, "Bibi harusi haangalii nyuma." Nacheka nao. Ila nikibaki peke yangu moyo unaenda mbio bila sababu, usingizi unakata, na kwenye ibada nalia mpaka watu wanadhani ni upako. Nimeombewa, nimechuliwa, dawa nimekunywa za kila rangi.

Mwisho mume wangu akanipeleka Mbeya. Wakanipiga picha, mifupa haina tatizo. Daktari alikuwa binti tu, sawa na mwanangu wa kwanza. Akaniuliza, "Mama, utotoni ulilelewa na nani?" Nikacheka, nikamwambia mimi nimeleta shingo, sijaleta utoto. Hakucheka. Akaweka kalamu chini akinisubiri, na mimi nikashindwa kumalizia kicheko changu.

Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, mimi na mdogo wangu wa kiume tukachukuliwa na shangazi, dada yake baba, kule Bujonde. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye mpunga. Asubuhi hadi jioni napiga kelele na debe. Ndege wakila hata kona moja ya shamba, shangazi ananibebesha beseni la mpunga mbichi kichwani, nasimama uani. Nikiinamisha shingo, fimbo. Nashushwa nikishasema, "Nisamehe shangazi, mimi ni mtoto mbaya." Nikiisema kwa sauti ndogo, narudia. Mdogo wangu alikuwa ndani anakula. Simlaumu, alikuwa mtoto, na yeye hakuguswa hata siku moja. Shangazi alimsomesha kwa kakao yake, leo ni mwalimu, na kwake hakuna mwanamke kama yule duniani.

Yule binti akaniambia, "Mama, mtoto akiishi kwa hofu muda mrefu, mwili unazoea kujikaza. Unaweza kuendelea hivyo hata ukubwani. Maumivu yako ni ya kweli, hujayatunga." Akasema niendelee na mazoezi, na nirudi nizungumze na mshauri. Nililia pale kitini. Hakuna aliyewahi kuniambia sijatunga.

Nikarudi nyumbani, mume wangu akauliza wamesema nini. Nikajibu, "Mifupa mizima." Basi. Nilishindwa kuendelea, maana hata yeye hajui. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Mdogo wangu aliposikia mifupa ni mizima akasema, "Basi ni mambo ya nyumbani." Huku kwetu mtu akiumwa muda mrefu bila kupona, wazee husema kuna mkubwa wa ukoo anayemnung'unikia moyoni. Mnakutanishwa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anatoa la moyoni bila kubakiza, kisha yule mkubwa anaweka maji mdomoni, anayapuliza chini, yameisha. Sisi walokole tunasema tumeyaacha, lakini ugonjwa ukikawia hata mzee wa kanisa utamkuta amekaa mkekani.

"Dada, wewe kwa shangazi huendi," mdogo wangu akaniambia mbele ya mume wangu. "Unatuma mchele tu kama unamlipa kibarua. Mama wa watu aliyekulea. Lazima analalamika."

Mume wangu naye, "Mama, jishushe. Kuomba msamaha hakuui."

Shingo ilikaza palepale, nikawajibu nikiwa nimeangalia ukuta. Wakaona ni kiburi.

Wamekubaliana iwe Jumamosi hii. Shangazi ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Ametuma salamu: "Mwambieni mwanangu aje. Mimi nilishamsamehe."

Ndugu zangu, neno hilo limenikalia. Mbele za Mungu nimejitahidi kumsamehe, na sitaki aibike uzeeni. Ila nikipiga magoti niseme nisamehe shangazi, nitakuwa nimesimama tena uani. Na nikisema la moyoni kama desturi inavyotaka, nitamvunja mdogo wangu, na watu watasema nimemtukana mzee aliyetuokoa na njaa, maana ni kweli alituokoa. Nisipokwenda kabisa, kila nikiumwa nitaambiwa niliyataka mwenyewe.

Juzi nilijaribu kumwambia mume wangu. Nikaanza, "Baba, kule Bujonde nilipokuwa mtoto..." Akanikatiza kwa upole, "Ndiyo maana tunakwenda, mama. Yaishe."

Ameshanunua jogoo wa kumpelekea shangazi. Amefungwa kamba mguuni hapa jikoni, na mimi ndiye ninayemlisha.

Nyie mliolelewa kama mimi, na nyie mliowahi kukaa kwenye mkeka wa namna hii, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Nikifika mbele yake, wote wakinisubiri niongee, niseme lipi?