Mtani Aliposoma Makala Yangu Hitimani

Nina miaka hamsini na tisa, elimu yangu kidato cha nne, na nyumbani sitoki mpaka kuwe na msiba. Basi gazeti likachapa makala yangu ya kwanza, kuhusu marehemu mke wangu. Nilitaka jambo moja tu: ndugu na majirani waisome kwa utulivu, wajue kumbe nina akili.

Nilimsahau mtani wetu kutoka Kikole, mwenye ruhusa ya kututania hata msibani. Kwenye hitima ya mwaka ya marehemu, pilau bado liko jikoni, akasimama na gazeti.

"Sikilizeni mzee wa watu anavyolia kwa wino!"

Akasoma yote, akivuta kamasi kila penye nukta. Watu wakacheka mpaka wakalaliana. Na mtani hanuniwi, ukinuna, anazidisha.

"Bwana mwandishi, hapa pa mapishi umetudanganya. Marehemu wali alikuwa anaunguza!"

"Alikuwa anaunguza," nikakiri, nimeuma meno.

Dada yake marehemu akacheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sasa shemeji, hilo mbona hukuliandika? Hapo ndipo nilipomwona dada yangu."

Nililiacha ili nionekane msomi.