Mafiga ya Bibi wa Mwazye

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupambana na dawa za kulevya, huko Mbeya, Mkuu wa Kitengo alinikabidhi kufuli na lakiri ya kufungia milango. "Kuna kuzuia na kuna kutaifisha," akasema. "Usichanganye." Kuzuia ni kuifunga mali isiuzwe wakati kesi inaendelea. Kutaifisha ni mahakama kutamka kwamba ilipatikana kwa fedha za dawa za kulevya, na tangu hapo ni ya Serikali. Ninyi vijana mnaoianza kazi hii leo mtavijua vifungu vya sheria upesi. Kukaa na watu baada ya kuwachukulia mali ndiyo kazi.

Nilihamishiwa Sumbawanga. Baridi ya Ufipa niliizoea, kuogopwa sikukuzoea. Nikiingia mgahawani, waliokuwa wakicheka hukumbuka kwamba wana shughuli nyingine.

Kesi isiyonitoka ni ya kijiji cha Mwazye. Kijana mmoja aliyefungwa kwa kusafirisha heroini alikuwa amebomoa kibanda cha mama yake akamjengea nyumba ya bati la rangi. Kiwanja kilikuwa cha huyo mama, urithi wa marehemu mumewe. Nilimweleza kwamba anaweza kuweka pingamizi, yaani kwenda mahakamani kudai kilicho chake. Angetakiwa kusema kiwanja ni chake, ila nyumba ni ya fedha za dawa alizouza mwanawe.

"Nikasimame mbele za watu nimseme niliyemzaa?" akaniuliza. "Chukueni."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikubishana naye.

Mahakama ikataifisha vyote, na siku ya kumtoa aliomba mafiga yake, mawe matatu ya kupikia aliyoyatoa kwenye kibanda cha zamani. Amri ilikataza kutoa chochote, nikampigia simu Mkuu wa Kanda.

"Hayo mawe yalinunuliwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi hayatuhusu. Mbebee."

Nikayabeba na masizi yake hadi kwa dada yake, alikohamia.

Nimestaafu bila doa kwenye faili. Mke wangu alishafariki, watoto wako Mbeya, nami napika peke yangu. Nimekuwa mpweke, sioni sababu ya kuficha. Juzi nilikwenda Mwazye kumjulia hali yule bibi. Nilimkuta uani kwa dada yake akisonga ugali wa ulezi juu ya mafiga yaleyale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaepua, akanawa, akaanza kula. Kule hata mpita njia asiyejulikana akikukuta unakula humkaribisha. Nilisimama pale mpaka akamaliza, akaosha sahani. Hakusema karibu.