Viwiko vya Velika

Kijijini kwetu, huku milimani Bulgaria, mtu wa kuongoza ngoma ya duara hutazamwa viwiko. Tunacheza tumeshikana mikono, viwiko vimekunjwa, na wengi huchoka mikono ikaning'inia. Mke wangu Velika hachoki: viwiko vyake havinyooki tangu utotoni, kama vya baba yake. Mama yangu alimchagua kwa ajili ya hivyo viwiko. "Huyo kazaliwa na ngoma," alisema, na mimi nani hata nimbishie mama?

Baba mkwe alianguka akiongoza ngoma, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, hakuamka tena. Kaka yake Velika vivyo hivyo. Tukasema wamekufa kwa raha. Wajinga wakubwa sisi! Tuliwaonea hata wivu.

Mwaka jana Velika akazimia jikoni. Daktari wa mjini Plovdiv alimshika kiwiko kabla hajampima moyo, akauliza baba na kaka yake walikufaje.

"Ugonjwa huu ni wa kurithi, mama. Kila chembe ya mwili ina kiini, na kiini kina ganda lake. La ukoo wenu lina kasoro. Ndiyo iliyokaza viwiko, na ndiyo inayovuruga moyo. Tukuwekee kifaa kifuani, kiushtue moyo ukitaka kusimama."

"Sitaki. Watu watasema sichezi mimi, inacheza betri."

"Afadhali betri kuliko kaburi!" nikafoka. Akaninunia njia nzima.

Nyumbani binti yetu Kalina alikuwa anakanda unga. Aliposikia, akajaribu kunyoosha mikono mbele ya mama yake. Haikunyooka.

"Haya, mama. Ukikataa, na mimi nakataa. Tufe kwa raha wote."

Velika akakaa kitako. Kisha akasema, "Mtoto mshenzi wewe!" Akanigeukia: "Gencho, washa gari."

Velika akawekewa kifaa. Binti anapimwa kila mwaka.

Sikukuu ilipofika, daktari aliruhusu wimbo mmoja wa taratibu. Velika akaongoza, leso ya kiongozi mkononi, nami roho juu. Kabla wimbo haujaisha akaanguka, pale pale alipoanguka baba yake. Zumari likanyamaza. Nikamkimbilia.

Mara mwili wake ukaruka, kama aliyepigwa teke na punda. Akafumbua macho, akamtafuta mpiga zumari.

"We Nedko, nani kafa hapa mpaka unyamaze?"

Nililia mbele za watu, wala sioni haya. Kalina akaokota leso, akakunja viwiko, akaongoza.