Jumapili Papa Mwingereza Aliposema Haoni

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo hadi leo nikiikumbuka akili yangu huvurugika. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimefika huku ughaibuni kutoka Bujumbura, na kazi yangu ilikuwa kupiga pasi mavazi ya waigizaji katika ukumbi mdogo wa maigizo karibu na mtaa wa Porte de Namur.

Msimu ule alikuja mzee mmoja Mwingereza. Ujanani alianza kwa kusimama jukwaani na mkuki, hasemi neno. Baadaye akacheza wafalme, kisha sinema zikampa kila mara nafasi ya mtu mbaya, hata pale barabarani Chaussée d'Ixelles watu walimkwepa, nusu kwa woga, nusu kwa mzaha. Mimi aliniita binti, nami nikamwita Papa, yaani baba kwa Kifaransa. Kifaransa chake cha mitaani kilikuwa cha kuokoteza, lakini jukwaani alikuwa hakosei hata silabi.

Mara hii alicheza baba anayepofuka. Kila siku, nikimfunga vifungo, alijizoeza maneno yake: "Sioni. Nani yupo hapo? Nishike mkono."

Jumapili ile akayasema tena. Nikatabasamu, nikaendelea na pasi. Akarudia, polepole zaidi. Nikampigia makofi, mwanangu!

"Bon, haya Papa, leo umeyasema vizuri kuliko siku zote."

Alinyoosha mkono kutafuta kiti, akakikosa, akaanguka.

Gari la wagonjwa likaja. Daktari alisema mshipa wa kichwani umeziba. Jicho moja lilirudi kuona, la pili halikuona tena, na yeye hakurudi jukwaani.

Nilikwenda hospitali nikilia. "Papa, nilidhani unaigiza."

"Hata mimi," akanijibu. "Nilianza nikiigiza kweli. Giza lilikuja katikati ya maneno, sijui lilianzia neno lipi." Akageuza uso upande wangu. "Lakini binti, mbona hukuniuliza?"

Pengine dakika zile nilizopoteza zingeliokoa lile jicho, pengine hapana. Wengine waliniambia hivi, wengine vile, nami sijui nimwamini nani.

Donc basi, nakuomba hili tu. Mtu uliyemzoea, awe wa mizaha au wa kulalamika kila siku, akisema anaumia, weka chini ulichoshika umwulize: ni kweli? Akikucheka, cheka naye. Aibu hiyo itapita kabla ya chakula cha jioni. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kuuliza, na siku utakayoita wewe, asikukoseshe wa kukuuliza.