Shingo za Maganda na Mkono wa Nasor

Nakumbuka siku ile ya mchujo, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya arusi yangu. Mke wangu akisoma hapa atanuna, na anune.

Nilikuwa kijana, fundi wa risasi katika kilabu kimoja cha shabaha hapa Maskati. Kazi yangu ilikuwa kuchukua maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, kuyarudisha kwenye kipimo chake kwa mashine ya mkono, kisha kuyatengeneza kuwa risasi upya. Nasor, mtoto wa ami yangu, ndiye aliyekuwa mpigaji wetu bora. Siku ya kuchagua timu, risasi zake zilitawanyika karatasi nzima. Mwalimu wetu wa shabaha akaniuliza mbele ya watu kama risasi zilikuwa sawa.

"Risasi zangu hazina kasoro," nikamjibu. "Mkono wake ndio unaotetemeka. Babake mgonjwa, usiku anakesha naye."

Nilisema hivyo bila ya kupima hata moja. Nasor alinitazama tu, akaachwa nje ya timu.

Wiki ya pili yake Ami Seif, tuliyemwita ami kwa heshima tu, mzee wa karakana yetu aliyekuja na ufundi wake kutoka Unguja, alichukua risasi iliyobaki akaizungusha chini ya saa ya kupimia unyoofu. Mshale ukacheza. Shingo ya ganda ilikuwa imepinda na kichwa cha risasi kimekaa upande, kidogo tu, jicho halioni. Nikalaumu maganda. Nikalaumu na vichwa.

"Wewe walaumu tu," akasema. "Pima kila hatua. Anza na ganda ambalo hujaligusa."

Ganda lililotoka kwenye bunduki lilikuwa sawa, mshale umetulia. Lilipotoka kwenye mashine yangu, mshale ukacheza. Tukauondoa ule ufito wa ndani ya mashine, wenye gololi inayopanua shingo, tukajaribu ganda jingine, likatoka limenyooka. Hapo nikajua. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeacha kupaka mafuta ndani ya shingo, na gololi ikitoka kavu ilikwama ikaivuta shingo upande.

"Umempakaza mwenzio," Ami Seif akaniambia. "Nenda kamwambie leo. Na mwalimu wenu mwambie."

Sikwenda. Niliona haya. Nikajiambia nitamwambia Nasor baada ya Idi, kisha baada ya arusi ya dada yake, na miaka ikanipita hivyo hivyo. Ami Seif alifariki akidhani nimeshasema. Nasor aliuza bunduki yake, akaingia kazi ya ofisini, na shabaha hakuitaja tena.

Mwaka jana nilitoka kwangu Hail nikamfuata kwake Bawshar, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yameshapita, ndugu yangu," akasema.

Ikaletwa kahawa. Sisi huku, ukitosheka unatikisa finjani ili usimiminiwe tena. Nasor aliishika yake kwa mikono miwili, akaiweka chini taratibu, akasema kwa mdomo tu, "Basi." Nikamuuliza mbona hatikisi.

"Mkono huu siuamini tangu siku ile," akasema. "Nnaogopa watu wasije wakauona ukitetemeka."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, mwanangu, nikautazama vizuri. Haukutetemeka hata kidogo. Niliumia, na mpaka leo naumia.

Basi nakuusia. Kazi ikiharibika, pima ya kwako kwanza, hatua baada ya hatua, kabla hujalitaja jina la mtu. Ukigundua kosa ni lako, liseme siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliokusikia ukimsingizia mwenzio. Mimi nimeshasema na nimesamehewa, na Nasor sijamrudishia kitu. Mwenyezi Mungu akufanyie ulimi wako mzito wa kulaumu na mwepesi wa kukiri, akuhifadhi na majuto yangu, na wale wanaokuamini wasidhurike kwa mkono wako. Amin.