Gauni la Mlangoni na Mwamba wa Urani

Chuo kikuu nilisomea mawe. Tasnifu yangu, iliyohusu mabaki ya mimea ndani ya miamba yenye madini ya urani, niliiacha Uvira, Kongo, nilipokimbia, na nadhani panya ndio wasomaji wake makini wa kwanza. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za urani, hadi jirani yangu fundi cherehani, mama wa watoto wawili, alipoitwa Lilongwe kwenye usaili wa kusomea jiolojia. Nafasi ilikuwa moja. Kila mwombaji angewaeleza walimu jambo moja kuhusu miamba ya Malawi.

Jambo nilimchagulia mimi. Bila shaka nilichagua tasnifu yangu.

Nilimfundisha kibandani kwake, huku akishona. Kaskazini, upande wa Karonga, kuna miamba ya mchanga iliyofukia vipande vya miti ya kale. Maji yaliyobeba urani yalipita humo, miti ikainasa. Tangu hapo urani hiyo inatoa mionzi, na mionzi inaugeuza ule mti: inaiondoa haidrojeni yake, kaboni inayobaki inashikamana, hadi panakuwa na kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa, kisichoyeyuka hata kwenye dawa kali. "Kwa kifupi," nilisema kwa sauti ya profesa, "mionzi imeupika." Nikamtaka aikariri sentensi hiyo.

Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa chenye picha iliyopigwa kwa darubini. Aliitazama muda mrefu. Kila punje ya urani ilizungukwa na duara jembamba la rangi tofauti. Nje ya duara, mabaki ya mti yalikuwa hayajaguswa sana.

"Prof," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, "mi napika kila siku. Maharagwe ikiungua chini, sufuria yote inanuka. Hapa kumeungua kaduara tu, pembeni iko sawa. Hii njo kupika gani?"

Nilimjibu kwamba huo ni mfano tu. Akaniuliza mfano wa nini. Nikasema walimu wa Lilongwe hawajali maharagwe, asije akaipoteza nafasi kwa ubishi. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mimi nikikasirika hivyo, mara nyingi mwenzangu amesema kweli.

Siku ya usaili nilimsindikiza, kibali cha kutoka kambini mfukoni, shingoni tai niliyoivaa siku ya harusi yangu, ingawa hakuna aliyenialika. Nilingoja nje kwenye benchi. Alipotoka, tulitafuta chakula kwanza. Alinieleza tulipokwisha kuketi kwa muuza chipsi.

Alikuwa ameanza na sentensi yangu. Mwalimu mmoja akamuuliza swali lilelile ambalo yeye aliniuliza mimi: kama mti umepikwa, mbona pembeni ni mbichi? Hapo akaiacha sentensi yangu. Akawasimulia gauni ambalo mafundi wetu hulitundika mlangoni kama tangazo, likakaa miaka bila kushushwa. Halijapikwa, halijaungua. Jua tu limelipiga kidogo kidogo, hadi uzi umekauka na ukiuvuta unakatika. Lakini kitambaa kilichojificha ndani ya pindo bado ni kipya, kwa sababu jua halikukifikia. Basi na mionzi mingi ya ile punje, akasema, kama lile duara jembamba linavyoonyesha, haiendi mbali, haifiki hata unene wa unywele. Inapofika, inagonga kwa mamilioni ya miaka. Isipofika, mti unabaki ulivyokuwa.

"Wakasema nini?"

"Baliniuliza nani alinifundisha."

"Ukajibu?"

"Nikabaambia, iko Prof moja kule Dzaleka. Ile ya kupika sikubaambia ni yako."

Sifa hiyo niliipokea bila kubisha, nikamwagizia chipsi nyingine.

Ujumbe wa kumkubali ulifika wiki chache baadaye, akiwa anampima mteja kiuno. Aliusoma, akaniwekea simu mkononi, akamaliza kupima, akaandika vipimo vyake. Mimi ndiye niliyelia. Mteja, mama mmoja Mrundi mwenye huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa.