Barabara ya Boga, Vipande Vitatu

Kitabu kilichotufurahisha kuliko vyote tulivyowahi kuhakiki redioni tulikikata kwa kisu cha nyanya. Kilikuwa kipya, bado kinanuka wino.

Kila Jumamosi asubuhi, katika redio moja ndogo ya hapa Bunia, watu watatu tunazungumzia kitabu: cha historia, siasa, sayansi, chochote kisicho hadithi ya kubuni. Mimi ni mwandishi wa habari. Wa pili ni muuguzi anayekaa mtaa wa Saio, mama mwenye ulimi mwepesi. Wa tatu ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa mtaa wa Lumumba, ambaye sote tunamwita papa mwalimu, yaani baba mwalimu. Vitabu hutufikia nakala moja moja, ndani ya mkoba wa mtu aliyepita Kampala au Kinshasa, na kusoma kwa zamu kungetuchukua miezi. Basi tunafanya kama wanafunzi wa chuo wenye nakala moja tu ya silabusi, kijitabu cha somo: tunakata kitabu, kila mmoja anaondoka na kipande chake, kisha tunakiunganisha tena kwa gundi na uzi. Na hakuna kuambiana kitu kabla ya kipindi.

Kitabu hicho kilieleza jinsi barabara za mkoa wetu wa Ituri zilivyojengwa wakati wa Wabelgiji. Mimi nilipata mwanzo, muuguzi katikati, papa mwalimu mwisho.

Nilifungua kipindi kwa kumsifu mwandishi kuwa ni mtu mpole, hamlaumu yeyote. Muuguzi alicheka hadi akalazimika kuiacha mikrofoni. Katika kurasa zake, alisema, mwandishi alikuwa amekwisha kuwachapa machifu, wasimamizi na hata wapishi wao.

"Weye ulisoma kitabu gani?" aliniuliza hewani. "Huyu muntu yako mupole, kwangu iko na fimbo."

Fundi wa mitambo alijifunika uso nyuma ya kioo. Kisha, ili kunishinda kabisa, muuguzi akasoma aya moja: kilima cha barabara ya kwenda mji mdogo wa Boga kilichimbwa na vibarua walioletwa kutoka mbali, kwa sababu wenyeji walikimbilia porini.

Papa mwalimu akavua miwani. Baba yake alikuwa mwenyeji wa kilima kile. Kukichimba ndilo jambo pekee ambalo mzee huyo alijivunia mbele ya watoto wake mpaka anakufa.

"Baba yangu hakukimbia," alisema. "Alichimba ile kilima na mikono yake."

Nikaomba anayejua lolote apige simu, na walipiga. Mzee mmoja alisema alikuwa akimpelekea baba yake chakula pale pale kilimani. Mama mmoja akasema wageni walichimba chini na wenyeji juu, halafu akajisahihisha, pengine ilikuwa kinyume. Wa tatu alikuwa bibi. Hakueleza kitu, aliimba wimbo wa kuchimba, pumzi ikikatika pale jembe linaposhuka. Papa mwalimu akaitikia kabla hajajua kwamba anaitikia. Muuguzi akawa anapiga meza, fundi naye akapiga kioo, na taarifa ya habari ikachelewa bila mtu kulalamika. Sijapata kumwona papa mwalimu akicheka hivyo, machozi yakimtoka.

Tulipotoka nje aliniuliza kama sasa nitatangaza kwamba kitabu kimekosea. Nilimjibu kwamba wimbo unaonyesha watu walichimba, lakini hausemi walichimba wapi.

"Kama mwalimu, nakupatia pointi," alisema. "Kama mutoto ya baba yangu, ningekuchapa."

Tukacheka, lakini aliendelea kunitazama. Jioni ile nilimtumia mwandishi wa kitabu sauti ya kipindi. Alijibu upesi, kwa furaha kubwa: kitabu kinaandaliwa kuchapwa upya, na yuko tayari kuibadilisha aya ile, mradi azungumze na bibi na kujua wimbo uliimbwa kilima gani.

Nilipiga namba ya bibi. Akapokea dereva wa lori. Alisema alimwazima simu mwanamke mzee aliyemkuta amesimama na redio kando ya barabara ya Boga, akasikiliza wimbo mpaka mwisho, akaondoka. Hakumuuliza jina. Papa mwalimu amekwenda Boga mara kadhaa kumtafuta, na kitabu kinakaribia kwenda kiwandani kama kilivyo. Bibi hatujampata.